Jibu: pip imegoma kwenye Debian 12, moduli ziende wapi?

Mkuu, umesema kompyuta za maabara yenu hapo Lindi zina Debian 12 (aina ya Linux) na pip, programu ya kusakinisha moduli za Python, inagoma kwa ujumbe wa "externally-managed-environment". Usilazimishe kwa --break-system-packages. Debian inalinda moduli zake kwa sababu programu za mfumo wenyewe zinazitegemea. Ukizivuruga, nyingine hazitafunguka.

Weka kwanza venv, zana ya kutengea kila mradi moduli zake, kwa sudo apt install python3-venv, halafu kila mradi upe folda yake. Kwa huo wako wa mizani ya korosho:

python3 -m venv ~/korosho/.venv
source ~/korosho/.venv/bin/activate

Sasa moduli zinaingia .venv/lib/python3.11/site-packages. Hakikisha kwa python -m pip --version. Itakuonyesha njia kamili. Linaloponza wengi ni kuihamisha folda hiyo: mstari wa kwanza wa .venv/bin/pip umebeba njia nzima ya zamani, kwa hiyo amri inakufa. Ifute, uiunde upya, kisha urudishe moduli kwa requirements.txt (faili lenye orodha ya moduli za mradi).

Kuokoa bando, mashine moja ipakue:

pip download -r requirements.txt -d vifurushi

Nyingine zibebee kwa flashi:

pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt

Toleo la Python na aina ya prosesa vilingane, la sivyo baadhi ya faili za .whl (vifurushi vya moduli vilivyokwisha kuandaliwa) zitakataliwa.