Kesho unalala wapi? Yaliyonikuta katika kilomita 3,500 za miguu

Nilipompigia mama kumwambia naacha kazi miezi sita niende kutembea kwa miguu, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwani nauli zimepanda huko?" Hakuwa anatania. Kwetu Korogwe anayetembea ni asiye na nauli. Baba yake mwenyewe, yaani babu yangu, alitoka Kasulu kuja Tanga kukata mkonge enzi za manamba, na sehemu kubwa ya safari aliimaliza kwa miguu. Leo mjukuu wake, mwenye gari lake Maryland, Marekani, anataka kulala porini kwa hiari!

Njia yenyewe ni Appalachian Trail. Inaanzia mlima Springer, jimbo la Georgia, inapita majimbo 14 na kuishia juu ya mlima Katahdin, Maine. Ni kama kilomita 3,500, unafuata alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti na mawe. Wengi huchukua miezi mitano hadi saba, na kati ya wanne wanaoanza kwa nia ya kuimaliza kwa safari moja, anayefika ni kama mmoja. Mimi nilifika, nikiwa na miaka 49. Ila katikati niliacha kwa siku kumi na moja, na hizo ndizo nitakazozisema zaidi, kwa sababu kila anayeniandikia anauliza kuhusu dubu tu, hizo haziulizi mtu.

Dubu niliwaona watatu. Wote walikimbia.

Mwili niliuandaa kwa miezi mitano kwenye ngazi za jengo ninaloishi, ghorofa nane, mgongoni mfuko wa mchele wa kilo kumi. Mwezi wa kwanza nilikuwa napanda kwa ngazi na kushuka kwa lifti, nikijiona mjanja. Kumbe kinachoua magoti ni kushuka. Kama huna muda wa mazoezi mengine yote, fanya hayo ya kushuka, na wiki mbili za mwanzo safarini usizidishe kilomita 15 kwa siku hata ukijisikia mzima. Vijana walionipita wakikimbia siku ya tatu, wawili nilikuja kuwakuta mjini wamefunga barafu kwenye vifundo. Viatu nunua vikubwa kuliko saizi yako, miguu itavimba. Mimi nilimaliza jozi nne. Na kila jioni jikague kupe, hasa nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nguo ya ndani, maana kupe wa kule wanaleta ugonjwa wa Lyme.

Mzigo wangu ulikuwa kilo 19. Huo ni wazimu. Kama kilomita 50 kutoka mwanzo kuna sehemu inaitwa Neel Gap, ambako njia inapita katikati ya jengo la duka, na nje palikuwa na mti umening'inizwa viatu vya watu. Pale nilimwaga shanta lote sakafuni na kurudisha nyumbani kwa posta karibu kilo sita: suruali ya jinzi, sufuria ya pili, tochi ya akiba, sabuni ya kipande kizima. Kanga sikurudisha. Ilikuwa taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo na kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, na haifiki hata robo kilo. Sijaona kifaa cha dukani kinachoishinda.

Dagaa, hapana. Nilibeba nusu kilo, wamekaangwa vizuri kabisa, nikijisifu kwamba ni chakula chepesi chenye nguvu. Usiku wa pili kwenye banda la wasafiri, wenzangu saba walinisihi nikautundike ule mfuko mbali na wao kadiri inavyowezekana. Kila mtu njiani hupewa jina. Langu likawa Dagaa, hadi Maine.

Sasa Virginia. Jimbo hilo peke yake ni kama robo ya njia nzima. Ukiingia umeshakuwa mwenyeji, miguu imekomaa, hofu imekwisha, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Mvua ilinyesha siku tisa. Miti imefunga juu, huoni mbali, unatembea ndani ya majani kuanzia asubuhi hadi jioni, na kesho yake ni yaleyale. Hakuna kilichoniuma. Nilichoka tu kuwa pale. Nilikuwa nimejiandaa kwa dubu, baridi na malengelenge. Sikuwa nimejiandaa kwa siku ya sitini ambayo haina jambo lolote ndani yake. Nikafika mji mdogo wa Pearisburg, zaidi ya kilomita elfu moja toka mwanzo, nikapanda basi kurudi nyumbani.

Siku ya kumi mama akapiga. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba moyo umekufa, hamasa sina, na Katahdin bado kilomita 2,500. Hakunifariji hata kidogo. Akauliza, "Siku ile uliyopanda basi, kesho yake ulikuwa ulale wapi?"

Nikamwambia kuna banda juu ya mlima, mwendo wa nusu siku, linaitwa Rice Field.

"Maana yake nini?"

"Shamba la mpunga."

Akacheka sana, mkulima wa mpunga yule. "Basi nenda ukalale kwenye mpunga, mwanangu. Babu yako hakuwa akisema anakwenda Tanga. Alikuwa akijua kambi ya kesho tu."

Nikaenda. Mpunga hakuna, ila kuna uwanda wa majani wenye mandhari ambayo sikuwa nimeiona kwa wiki tatu. Tangu hapo niliacha kutazama Katahdin kwenye ramani ya simu. Kila jioni niliandika kwenye daftari mambo matatu: nalala wapi kesho, maji nachota wapi, nakula nini. Nikiwa na hayo, sikuhitaji kujisikia vizuri asubuhi. Kuna siku nyingi sikujisikia vizuri, na nilitembea kilomita 20.

Watu hupenda kusema uandike "sababu kubwa" inayokupeleka. Niliiandika. Nilipokuwa Virginia, sababu hiyo ilionekana upuuzi mtupu. Emma Gatewood alikuwa na miaka 67 alipoimaliza njia hii peke yake mwaka 1955, mama wa watoto 11, na wanawe aliwaaga kwamba anakwenda kutembea, basi. Mwaka mmoja kabla yake alijaribu kuanzia Maine, akapotea, miwani ikavunjika, akarudi nyumbani. Kwa hiyo kama na wewe utapanda basi, usitangaze kwamba umeacha. Lala kwanza, kula wali, ngoja mvua ikatike.

Fedha: mimi nilitumia kama dola 7,200, na nyingi zilikwenda mijini, kwa vitanda na chakula. Tenga pia nauli ya kurudia njiani, nimeshaeleza kwa nini. Ukianza Georgia mwishoni mwa Machi kama mimi, kumbuka hifadhi ya Baxter, ulipo Katahdin, hufunga kambi zake mwezi Oktoba. Mimi nilifika tarehe 2.

Na kabla ya hapo kuna kipande cha kilomita 160 msituni, kuanzia Monson, chenye kibao kinachokuonya ubebe chakula cha siku kumi. Kiamini kibao. Mimi nilibeba cha siku saba kwa ubahili wa uzito, nikatokea daraja la Abol, mwisho wa kipande hicho, siku ya nane nikiwa na njaa ya kumla mwenye duka.