Muulize Fundi: Plagi za gari la spoti la zamani

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina MGB ya 1972, ile ya kabureta mbili za SU (kampuni ya Kiingereza). Nilipoitoa plagi kwa ajili ya sevisi nikakuta ni Champion N9Y, zimechoka kabisa. Dukani wakasema hizo hazipo ila NGK zipo, mi nikachukua BP8ES manake 9 haikuwepo nikaona 8 ndo iko karibu. Sasa barabara kuu gari inaenda safi tu, ila kwenye foleni inaanza kumisi (silinda hazichomi sawasawa) na sailensi, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, nikitoa plagi ni nyeusi tii, masizi makavu. Rafiki yangu anasema kabureta zinamwaga petroli nizifungue. Nianzie wapi?

JIBU: Kaka, kabureta ziache kwanza, tafadhali sana, manake ukishaanza kuzungusha zile nati za chini ya SU wakati shida iko kwenye plagi utakuwa na matatizo mawili badala ya moja na hutajua lipi ni lipi. Shida yako ni namba.

Hizi kampuni hazihesabu upande mmoja. NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, Denso hivyo hivyo, lakini Champion na Bosch za siku hizi namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Kwa hiyo 9 ya Champion na 9 ya NGK ni vitu viwili tofauti kabisa. N9Y yako ukiihamishia NGK inakuwa BP6ES, kwa Bosch ni W7DC, kwa Denso ni W20EP. Zote hizo zinafanya kazi ileile ila namba ni 9, 6, 7 na 20! Wewe umeweka plagi ya baridi kwa hatua mbili nzima.

Na tuelewane hapa, baridi na moto haihusu ukali wa cheche. Inahusu plagi yenyewe inatoa joto haraka kiasi gani kwenda kwenye silinda hedi. Chukua plagi mbili uchungulie ndani pale kwenye ule udongo mweupe unaozunguka ncha ya kati, ya moto ule udongo ni mrefu na umeingia ndani sana hivyo joto linasafiri njia ndefu kutoka, ya baridi ni mfupi na joto linatoka chap. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi 450 hadi 500 za selsiasi ndo iweze kujichoma masizi yenyewe, na ikipita 850 hivi inaanza kuwasha petroli kabla ya cheche na hapo ndo pistoni zinatobolewa. Barabara kuu injini yako inachapa kazi kwa hiyo hata plagi ya baridi inafikia joto lake, kwenye foleni haifikii, masizi yanajijenga, umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka gepu (ule uwazi kati ya ncha na mkono wa pembeni), gari inamisi. Ni hilo tu.

Weka BP6ES. Kama distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) ilishabadilishwa ikawekwa moduli ya elektroniki badala ya pointi, vile vyuma vya kukata na kuunganisha umeme, basi chukua BPR6ES, ile R ni rezista na inapunguza kelele za umeme zinazosumbua moduli na redio. E maana yake uzi wa kukazia plagi kwenye hedi una urefu wa milimita 19, hiyo usibadilishe kabisa hata ukiambiwa inaingia, plagi fupi uzi wa hedi unabaki wazi unajaa masizi na ndefu inaweza kugongwa na pistoni.

Halafu gepu. MGB ni inchi 0.025, kama milimita 0.64, na plagi haiji hivyo kwenye boksi kwa hiyo pima kila moja kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi), gonga taratibu ule mkono wa pembeni mpaka geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Watu wanapenda kupanua gepu wakidhani cheche kubwa ni nguvu zaidi, ila koili (kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche) ya zamani yenye pointi haina umeme wa kurusha mbali hivyo, injini ikiwa na mzigo inakata.

Ukishafunga endesha gari kama nusu saa kwa mwendo wa kawaida, usiiache ikinguruma kwa sailensi kabla ya kuzima, acha ipoe kisha toa plagi uzipange kwenye kitambaa kwa mpangilio, 1 mpaka 4. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu, umemaliza kazi. Zote bado nyeusi kavu, sasa rafiki yako ana hoja na kabureta zifunguliwe. Moja tu ina oili mbichi, hiyo ni ringi za pistoni au “valve guides” (mirija inayoongoza valvu) na hakuna plagi itakayotibu. Nyeupe yenye vipele vidogo kama chumvi imegandia, simama hapohapo usiendeshe, petroli ni kidogo au taimingi (wakati wa kutoa cheche) imetangulia mno.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mazda MX-5 ya 1990, 1.6, nataka kuityuni iwe kama mpya. Nimeshauriwa niweke iridiamu inaongeza nguvu, mwingine anasema platinamu inatosha. Pia ikipandisha mlima kwa gia kubwa inashtukashtuka.

JIBU: Marahaba dada. Nguvu haiongezi, niseme wazi. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,446, ni ngumu mno, ndo maana wanaweza kutengeneza ncha nyembamba kama sindano na isiishe haraka, na ncha nyembamba inahitaji umeme mdogo kurusha cheche. Faida ni kudumu. Injini nzima haitasikia tofauti na plagi mpya ya kawaida.

Gari yako haina distribyuta, ina koili nyuma ya injini zinazowasha silinda mbilimbili kwa wakati mmoja, 1 na 4, 2 na 3. Kwenye kila jozi plagi moja cheche inatoka katikati kwenda pembeni na nyingine inatoka pembeni kuja katikati. Kwa hiyo ukinunua plagi yenye platinamu kwenye ncha ya kati peke yake, zile mbili zinazopiga kinyume zitaliwa upande usio na kinga. Ama ununue zenye madini hayo pande zote mbili, ama, na mimi gari yangu ningefanya hivi, weka za kawaida za nikeli NGK BKR5E-11 au BKR6E-11, hiyo 11 ya mwisho ni gepu ya milimita 1.1, ubadilishe kila kilomita 20,000 hadi 30,000. Ukizitoa mara kwa mara unaijua hali ya injini.

Kule kushtuka mlimani angalia waya za plagi kwanza. Fungua boneti usiku gizani injini inawaka, ukiona vicheche vya bluu vinatembea juu ya waya basi zimekufa. Ukitoa plagi ukakuta oili imelowesha ule udongo wa nje juu ya nati lakini ncha ni kavu, usiogope, hiyo ni gasketi ya kava ya valvu inavuja kwenye shimo la plagi, wala sio ringi.

SWALI: Nipake grisi ya shaba kwenye uzi? Na nikaze kiasi gani?

JIBU: Usipake, plagi za NGK zina kinga tayari, na uzi ukiteleza unakaza kupita kiasi bila kujua. Plagi mpya yenye wosha kaza kwa mkono mpaka iguse kisha ongeza nusu mzunguko, isizidi theluthi mbili. Iliyokwisha kutumika ongeza kidogo tu, kama digrii thelathini. Na injini iwe imepoa! Mimi niliua uzi wa hedi ya aluminiamu kwa kufungua injini ikiwa ya moto, plagi ilitoka na vinyuzi vinavyong'aa vimejiviringisha juu yake, sitasahau. Tangu siku ile nachomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye mkia wa plagi ndo naizungushia kwa vidole, ikienda upande mpira unateleza wenyewe kabla uzi haujaumia. Spana inakuja mwisho.