Jibu: Suti imetoka drai klina, doa la kwapani limebaki

Habari mkuu. Kwa hiyo mafuta ya pilau yametoka ila doa la jasho limebaki palepale. Huenda dobi hajakuibia: dawa ya drai klina huyeyusha mafuta, lakini chumvi ya jasho na sukari ya soda hutaka maji.

Kwanza angalia lebo ya ndani. Duara lenye P ni ruhusa ya drai klina. Beseni lililokatwa kwa alama ya X, usiiloweke suti kabisa. Usipige pasi, joto hulikaza doa. Irudishe kwa dobi, mwoneshe pale penyewe, aliguse doa kwa maji kwanza. Kitambaa sijakiona, ila kama bitana ni hariri usijaribu mwenyewe.

Na ule mfuko wa nailoni uvue mapema. Kwa unyevu huu wa Tanga, ukungu hauchelewi.