Gael, Gall na mtego wa maneno yanayofanana

Wewe uliyeanza juzi kufuatilia asili ya maneno, jihadhari na maneno yanayofanana. Mimi yaliniaibisha. Nikiwa mfasiri mchanga nilikuta Gael, Gall na Gallia ya Warumi (nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa), nikayatia yote kapu moja na kuandika kwamba ni ukoo mmoja. Kazi ilirudi imejaa wino mwekundu, na mhariri alikuwa na haki.

Kumbe kwa Kiayalandi Gael ni mwenyeji, Gall ni mgeni! Gall ndilo lililotokana na Wagalli, watu wa Gallia hiyo, baadaye likawaangukia Waviking na kila aliyekuja kwa merikebu. Donegal, kule kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, ni Dún na nGall, "ngome ya wageni". Gael lina njia yake. Ukilifuata hadi Kiayalandi cha kale unakuta Goídel, na Goídel lenyewe ni la kukopa: lilitoka ng'ambo ya bahari, kwa wasemaji wa lugha iliyozaa Kiwelisi, likiwa na maana iliyo karibu na "watu wa porini". Jirani kakuita mshenzi, nawe ukalichukua jina ukajivunia nalo. Tusiwacheke, sisi wenyewe tunaitwa Waswahili kwa neno la Kiarabu, sawahil, wingi wa sahil, pwani.

Basi usibishane na umbo la leo. Tafuta lililo kongwe zaidi, kisha uulize ni nani aliyemwita nani.

Kwenye tafsiri jambo hili si la mapambo. Gaeilge ya Ayalandi, Gàidhlig ya Uskoti na Gaelg ya Kisiwa cha Man ni lugha tatu, na majina yao yametoka kwenye Goídelc, jina la kale la lugha ya hao Goídel. Ukiandika "Kigaeli" bila kufafanua, wengi watadhani ni cha Uskoti. Mimi huandika Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kimanx.

"Kiskoti" ndiyo shimo lenyewe. Kwa Kilatini Scoti walikuwa watu wa Ayalandi, kisha na ndugu zao waliohamia Uskoti. Baadaye wakazi wa nyanda za chini za Uskoti, wenye lugha iliyo ndugu ya Kiingereza, walilitwaa jina hilo wakaiita lugha yao Scots, na Kigaeli wakakibandika Erse, yaani cha Ayalandi. Kwa hiyo nikipewa andiko la zamani linalotaja lugha ya Waskoti, sigusi kalamu kabla sijajua liliandikwa mwaka gani.