Maswali yenu: kumpima dume la ng'ombe kwa DNA

Swali: Nikishapima DNA bado kuna haja ya kupima uzito wa ndama?

Ipo, na jamani hili nimeshalijibu mara nyingi. Alama za DNA, yaani sehemu ndogo za DNA zinazotofautiana kati ya ng'ombe na ng'ombe, peke yake hazijui kilo. Wanachukuliwa maelfu ya ng'ombe wenye DNA na rekodi zao za uzito, uzazi na nyama, kompyuta inatafuta alama zipi zinaambatana na nini, ndo dume wako anakadiriwa kutoka hapo. Wafugaji wakiacha kuandika, makadirio yanaharibika kizazi hadi kizazi. Na andikeni wote, sio wale ndama wazuri tu!

Swali: Kipimo cha Angus kinafaa kwa Brahman?

Hakifai. Alama nyingi sio jeni yenyewe, ni jirani yake tu kwenye kromosomu, na ujirani unabadilika ukihama aina ya ng'ombe, sembuse kutoka wasio na nundu kama Angus kwenda wenye nundu kama Brahman. Chotara nao hivyohivyo. Muulize muuzaji makadirio yametoka kwa ng'ombe wa aina gani, akizungukazunguka usimlipe.

Swali: Nataka jeni ya nyama laini tu.

Haipo moja. Jeni za kalpaini na kalpastatini zinachangia kweli ulaini wa nyama ila kidogo, na vipimo vya jeni mbili tatu viliwapotezea watu hela sana. Watafiti Meuwissen, Hayes na Goddard walishaonyesha mwaka 2001 kwamba unatumia alama za jenomu nzima, yaani DNA yote ya ng'ombe, kwa pamoja, siku hizi chipu ya kawaida ya maabara inasoma alama kama 50,000. Jeni moja inatosha kwa mambo machache kama kutokuwa na pembe, au ile jeni ya miostatini iliyoharibika inayowapa ng'ombe wa Belgian Blue misuli ya ajabu, na hiyo msiikimbilie kabisa maana majike wanateseka kuzaa, wengi wanapasuliwa.

Swali: Ndama wawili, baba mmoja mama mmoja, majibu tofauti. Maabara imekosea?

Haijakosea. Kila mmoja kapata nusu ya baba na nusu ya mama, ila sio nusu ileile. Kwa karatasi ya ukoo hao wako sawa mpaka wawe na rekodi zao wenyewe au wazae, DNA inawatofautisha wakiwa bado wananyonya, na hapo ndo hela yako inarudi.

Swali: Dume kijana, ukuaji juu sana, usahihi 0.4. Nimchukue?

Mchukue, ila usahihi unahesabiwa kutoka 0 hadi 1 na 0.4 bado ni mdogo, kwa hiyo usimpe majike wote, wagawe kwa madume vijana kadhaa, na angalia uzito wa kuzaliwa kabla hujampandisha mitamba, kwa sababu ukuaji wa kasi na ndama wakubwa mara nyingi vinakuja pamoja.