Maswali ya Wasomaji: Kombe la Chalenji lilitoka wapi, na mbona siku hizi halichezwi kila mwaka?

Wiki hii meseji nyingi zimekuja kuhusu kombe moja tu, kwa hiyo nimeweka pembeni maswali ya usajili na ligi, nitayarudia toleo lijalo. Leo ni Chalenji mwanzo mwisho, lile kombe la soka la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Babu yangu anasema enzi zao hili kombe liliitwa Gosage na lilikuwepo tangu wakoloni, mi nikamwambia CECAFA imeanza 1973, tukabishana mpaka bibi akatufukuza sebuleni. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba kijana. Mwaka uliotaja ni wa kweli ila ni wa CECAFA, yaani shirikisho la soka la ukanda wetu, kwenye kombe lenyewe babu amekushinda, tena kwa mbali. Lilianza 1926 Nairobi, timu zilikuwa mbili tu, Kenya na Uganda, mechi ikaisha 1-1 ikabidi irudiwe, na kwenye marudiano Kenya ikashinda 2-1. Kikombe kilitolewa na Gossage, kampuni ya sabuni ya Uingereza, ndo maana wazee wanalitaja kwa jina hilo mpaka leo. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar ikafuata miaka michache baadaye, na hapo likawa kombe la majirani wanne wanaojuana vizuri, kila mtu anajua beki wa mwenzake anapigia mguu gani.

Jina la Gossage lilifika mpaka 1966. Mwaka uliofuata, nchi zikiwa zimeshapata uhuru, likaitwa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, halafu 1973 ndo likaanza kuchezwa chini ya CECAFA hiyo unayoisema, Uganda wakiwa wenyeji na wakalibakisha nyumbani kwa kuifunga Tanzania 2-1 fainali.

Sasa hebu fikiria kitu kimoja. Kombe la Mataifa ya Afrika lilianza 1957 Khartoum na timu tatu, Misri, Sudan na Ethiopia, maana yake sisi huku tulikuwa tumeshacheza miaka 31 kabla! Kombe letu linahesabiwa kuwa mashindano ya timu za taifa ya zamani kuliko yote Afrika na vijana wetu wengi hawalijui hilo, wanakutajia mabingwa wote wa Ulaya lakini muulize nani alichukua Chalenji ya 1981, kimya. Hii inaniuma sana na siwezi kuficha.

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Kisumu. Kuna jamaa wa Uganda tunafanya nao kazi, kila siku ni kututambia eti wana makombe 15. Ni kweli ama wanaongeza chumvi? Na sisi Kenya tuko na mangapi? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hawaongezi chumvi ndugu yangu, ukianza kuhesabu 1973 Uganda Cranes wana 15, la mwisho walilichukua 2019 kwao Kampala kwa kuipiga Eritrea 3-0. Kenya mna 7. Ethiopia wana 4, halafu Tanzania, Malawi na Sudan tatu tatu, Zambia mbili, na Zimbabwe, Rwanda na Zanzibar moja moja.

Ila usikae kinyonge, una cha kuwajibu. Harambee Stars, timu yenu ya taifa, chini ya kocha Marshall Mulwa ilibeba kombe mara tatu mfululizo, 1981 Tanzania, 1982 Uganda na 1983 nyumbani, na angalia hizo mbili za kwanza, fainali zote mlicheza na mwenyeji kwake. 1981 mliifunga Tanzania 1-0, 1982 mkawatoa hao hao jamaa zako kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, mbele ya watu wao. Golini alikuwepo Mahmoud Abbas, yule wa Mombasa waliyempa jina la Kenya One, na mbele yake kina Masiga, Ayoyi na Mulamba. Kwa maoni yangu ile ndo timu bora ya Kenya niijuavyo mimi na sijaona ya kuikaribia. Halafu kuna ile ya 12 Desemba 2013, Kenya inatimiza miaka 50 ya uhuru, uwanja wa Nyayo, Allan Wanga anaifunga Sudan mara mbili, 2-0, kombe limebaki nyumbani. Siku ya sikukuu yenyewe! Jamaa zako wakianza tena waambie hiyo.

Na kwa haki, Uganda hawakubahatisha. Waliochukua 1976 na 1977 ni kizazi kile cha Philip Omondi kilichokwenda mpaka fainali ya Mataifa ya Afrika 1978 Ghana, kwa hiyo waliokuwa wanawafunga nyie ni watu wa kiwango cha bara zima.

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi huku Zanzibar tuna timu yetu kwenye Chalenji, ina jezi yake na wimbo wake, lakini kwenye Kombe la Dunia na Mataifa ya Afrika hatumo. Kwa nini? Na Bara nao mbona wanabadilisha jina la timu? (Msomaji, Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam. Swali hili nalipenda kuliko yote ya leo. FIFA inaitambua Tanzania kama nchi moja, kwa hiyo huko timu ni moja, Taifa Stars, na wachezaji wa Zanzibar wanaitwa humo. CECAFA inaitambua Zanzibar kama mwanachama kamili, ndo maana kwenye Chalenji mnakuja kama Zanzibar Heroes, na Bara nao hawawezi kujiita Taifa Stars wakati nusu ya taifa iko upande wa pili wa uwanja, wanakuja kama Kilimanjaro Stars. Kwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Zanzibar ni mwanachama mshiriki tu, klabu zenu zinacheza mashindano ya Afrika lakini timu ya taifa hapana. Machi 2017 CAF iliwapa uanachama kamili, watu wakashangilia, Julai mwaka huo huo ukafutwa.

Desemba ikaja Chalenji Kenya. Mi naamini wale vijana walikwenda na lile donge moyoni, maana kwa namna walivyocheza haiwezekani vinginevyo. Kocha Hemed Morocco, wachezaji wengi majina yao nje ya visiwa hayajulikani. Wakaifunga Bara 2-1 kwenye kundi, wakatoka sare 0-0 na Kenya mwenyeji, nusu fainali wakamtoa bingwa mtetezi Uganda 2-1. Fainali Machakos na Kenya tena. Kenya wanapata bao mapema kabisa, watu wanajua basi yamekwisha, Zanzibar wanasawazisha dakika za mwisho mwisho, mpira unaingia dakika za nyongeza Kenya wanafunga tena na Zanzibar wanarudisha tena, 2-2. Matuta. Hapo ndo Patrick Matasi akasimama golini akapangua mikwaju mitatu, mitatu, Kenya wakachukua. Matasi alistahili kila sifa aliyopewa, lakini mi siku ile moyo wangu ulikuwa na waliofungwa.

Ubingwa mnao, mliuchukua 1995 nchini Uganda, wafundisheni watoto. Chalenji ndo mashindano makubwa pekee ambayo Zanzibar inacheza kama Zanzibar, kwa hiyo kila mwaka lisipochezwa Uganda wanakosa kombe moja tu, nyie mnakosa timu ya taifa kabisa.

SWALI: Eti 2006 Zambia walishinda fainali lakini bingwa ni Sudan? Inawezekanaje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndiyo ilivyo. Zambia, Malawi na Zimbabwe walikuwa wenzetu zamani, wakahamia COSAFA, shirikisho la soka la kusini mwa Afrika, baadaye wakawa wanaalikwa. 2006 kule Ethiopia Zambia wakashinda fainali dhidi ya Sudan kwa penalti, lakini kwa kuwa ni mgeni mwalikwa ubingwa ukaandikwa Sudan. 2010 Dar es Salaam kidogo ijirudie, Ivory Coast walikuja wageni na wachezaji wao wa ligi ya ndani wakafika fainali, nashukuru penalti ya Shadrack Nsajigwa ilimaliza mambo 1-0 na Kilimanjaro Stars wakabeba kihalali, hakuna wa kubisha.

SWALI: Kwa nini halichezwi kila mwaka? Na ile ya 2021 si tulichukua sisi, mbona hamtuhesabii 4? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Sababu kubwa ni mbili. Kwanza uenyeji, nchi inakubali halafu inajitoa, kama Ethiopia 2014, na kupata nyingine haraka ni kazi maana timu karibu kumi zinataka hoteli, usafiri na viwanja, na mdhamini akichelewa ndo basi, miaka ile bia ya Tusker ilipoweka jina lake kombe lilikuwa linachezwa bila presha. 2016 na 2018 pia hakukuwa na kitu. Pili, Chalenji mara nyingi huangukia Novemba na Desemba nje ya kalenda ya FIFA, kwa hiyo klabu hailazimiki kumwachia mchezaji, wa Ulaya haji, na siku hizi hata klabu zetu kubwa zikiwa na mechi za CAF zinagoma. CECAFA wanatakiwa wapange tarehe na wenyeji wa matoleo matatu mbele kwa wakati mmoja, na nchi ikijitoa ilipe faini ya kuuma, siyo barua ya kuomba radhi.

Hiyo ya 2021 Bahir Dar tulichukua kweli, kwa matuta dhidi ya Burundi, vijana walipambana sana. Ila mwaka ule CECAFA waliifanya ya umri chini ya miaka 23, kwa hiyo kwa wakubwa bado ni tatu, 1974, 1994 na 2010.