Moyo unasukuma vizuri, mbona pumzi inakata?

SWALI: Shikamoo dada daktari. Nina miaka 46, nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Nina kilo 104, urefu sentimita 162. Nyumbani ni Mabatini, kule juu kwenye mawe, na siku hizi nikipanda lazima nisimame nivute pumzi. Nimepima presha na sukari, viko sawa. Kwenye eko, kile kipimo cha picha ya moyo, nikaambiwa moyo unasukuma asilimia 62, ila kuta zake zimekuwa nene na chumba cha juu kushoto kimetanuka. Ndugu zangu wanasema nimenawiri, niache wasiwasi. Kama moyo unasukuma vizuri, shida iko wapi?
Mama wa Mwaloni, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kutokuwasikiliza ndugu kwa hili.

Hiyo asilimia 62 ni nzuri kweli. Maana yake, kila pigo moja chumba kikubwa cha kushoto kinatoa asilimia 62 ya damu iliyokuwamo. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Kabla ya kusukuma, moyo unatakiwa ulegee ujae, na hapo ndipo ninapoona wako unapata taabu.

Mafuta ya mwilini yako hai, yana mishipa yake na yanadai damu. Uzito ukipanda, mwili unaongeza damu, na moyo unalazimika kusukuma nyingi zaidi kila pigo. Wabeba magunia hapo Mwaloni huota misuli ya mabega. Ukuta wa moyo nao hunenepa kwa mzigo. Tofauti ni kwamba wao jioni wanaweka gunia chini, moyo hauweki. Ukuta ulionenepa hukakamaa, unachelewa kulegea, na damu inasongamana nyuma yake: kwanza katika kile chumba cha juu, ndiyo maana kimetanuka, kisha kwenye mapafu. Ukiwa umekaa kwenye kigoda chako husikii kitu. Ukipanda Mabatini moyo unaenda mbio, muda wa kujaa unazidi kuwa mfupi, na pumzi inakata.

Hicho chumba kilichotanuka ndicho kinachonitia hofu zaidi. Kinaweza kuanza kupiga ovyo, damu ikaganda ndani yake, na bonge likakimbilia kwenye ubongo. Huo ni kiharusi.

Na presha kuwa sawa hakukuondoi kwenye hatari. Huko Framingham, Marekani, walifuatiliwa watu 5,881, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: wewe unapata karibu 40, na unene wa kupindukia unaanzia 30. Kila namba hiyo ilipopanda kwa 1, hatari ya moyo kushindwa kazi iliongezeka kwa asilimia 7 kwa wanawake na 5 kwa wanaume, hata baada ya kuzingatia presha na kisukari.

Sasa lililo jema: uzito ukishuka, ukuta wa moyo nao huweza kupungua unene. Anza na kilo 5 hadi 10, polepole. Dagaa usiache, wachemshe na nyanya badala ya kuwakaanga. Punguza ugali na uongeze mboga, soda uziache kabisa. Wanaouza kutwa wamekaa, nakuomba uinuke uzunguke soko kila baada ya saa moja. Mlima endelea kuupanda taratibu, ukisimama unapochoka, ila kifua kikibana uache na uende hospitali.

Hukunieleza unavyolala. Muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma, na kama kuna wakati pumzi inasimama kabisa kisha unashtuka. Wenye uzito mkubwa wengi wana tatizo hilo bila kujua, na linaumiza upande wa kulia wa moyo. Mweleze daktari wako, na umwombe asikilize mapigo kama yanakwenda sawasawa. Miguu ikivimba, au ukishindwa kulala bila kurundika mito, usisubiri tarehe ya kliniki.